Bastola ya Kale Sandukuni: Hifadhi Historia Yake, Usiirembe

Bukavu bado ina nyumba nyingi zilizojengwa wakati mji ukiitwa Costermansville. Ziko Nguba, ziko Muhumba, ziko hadi kule La Botte kwenye rasi inayoingia Ziwa Kivu. Mzee wa nyumba anapofariki na matanga kwisha, watoto hufungua masanduku ili wagawane urithi: shuka, picha, hati za kiwanja, saa isiyotembea tena. Na katika baadhi ya nyumba hizo, chini kabisa ya sanduku, ndani ya kitambaa kilicholowa mafuta zamani kikakauka, kuna bastola.

Hapo mabishano huanza. Mmoja anataka iuzwe. Mwingine anataka itupwe ziwani usiku. Wa tatu, mara nyingi kijana anayependa vitu vya kale, anasema iachwe nyumbani, isafishwe kwa msasa, ipakwe nikeli ing'ae, iwekewe mpini mpya wa mti mzuri, iwe kumbukumbu ya babu. Nawaandikia wote watatu, lakini zaidi huyo wa tatu, kwa sababu mapenzi yake nayaelewa na nayaheshimu. Bastola nyingi za zama za Wabelgiji ni kazi ya mafundi hodari, na watu wa nchi mbalimbali huzikusanya kama wengine wanavyokusanya saa au kamera. Ila Bukavu si mahali pa kukusanya bastola. Ni mahali pa kukusanya historia ya bastola, na kazi hiyo ina taratibu zake.

Tuanze na saa ya kwanza baada ya kuiona. Usiiguse. Ichukulie kuwa ina risasi, hata kama mama mzee anaapa kwamba haijapigwa tangu Mobutu ashike madaraka. Bastola inayojipakia yenyewe ina hatari moja iliyoua watu wengi waliodhani wanajua: magazini ikishatolewa kwenye mpini, risasi moja inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu, na macho ya mtu asiye na mafunzo hayaioni. Halafu kuna uzee wenyewe. Springi zimechoka, mafuta yameganda kama gundi, kufuli ya usalama huenda haishiki tena, na risasi zilizokaa miaka 50 au 60 kwenye unyevu wa ziwa hazitabiriki. Usivute kitu, usibonyeze kitu, usijaribu kuifungua ili uone ndani. Watoe watoto chumbani, funga mlango, ufunguo ukae kwa mtu mzima mmoja ambaye wote mnamwamini. Na kama kando yake kuna guruneti au chuma chochote chenye pini, tokeni nyumba nzima, msirudi kuchukua hata hati za kiwanja.

Usiipige picha kwa simu. Najua ushauri huu utawaudhi vijana, maana picha ndiyo njia ya kwanza ya kumbukumbu siku hizi. Lakini katika mji ambako mtu anaweza kuambiwa afungue simu yake barabarani, picha ya bastola inasema jambo moja tu, na aliyeishika simu hatakusubiri umweleze habari za marehemu. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la familia kuuliza nani anaifahamu. Kundi la watu 40 si siri, na shangazi aliye Kampala hawezi kujua simu ya binamu aliye Kadutu iko mikononi mwa nani leo.

Sisemi hivi kwa kutia chumvi. Februari 2025, jeshi la serikali lilipouacha mji na waasi wa M23 kuingia, silaha zilibaki barabarani na watoto wakaziokota. Siku hizohizo Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba imethibitisha visa vya watoto kuuawa na M23 baada ya kundi hilo kuingia Bukavu, na kwamba ilikuwa na habari za watoto waliokuwa na silaha. Baada ya majira kama yale, kukutwa na chuma cha babu si jambo la kucheza nalo. Aliyekukuta nacho haangalii mwaka kilipotengenezwa.

Sheria nayo haiangalii. Sheria ya Kongo inayohusu silaha ni Ordonnance-loi namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na msingi wake haujabadilika: raia hamiliki silaha ya moto bila kibali cha serikali. Kama mzee alikuwa na kibali enzi za Zaïre, karatasi hiyo ilikuwa na jina lake yeye. Usidhani umeirithi pamoja na viti vya sebuleni. Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui mpaka yawakute. Silaha ikihesabiwa kuwa ya kivita, raia aliyekutwa nayo anapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, kwa mujibu wa sheria mbili za tarehe 18 Novemba 2002 kuhusu mahakama na makosa ya kijeshi. Na bastola ya milimita 9 iliyotengenezwa kwa ajili ya majeshi ni vigumu sana kumshawishi mtu yeyote kwamba ni pambo la kabatini.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe, kwa sababu anayetaka kutunza historia lazima ajue ametazama nini.

Bastola za zamani zinazozungumzwa zaidi katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji zinatoka sehemu moja: kiwanda cha Fabrique Nationale, FN, mjini Herstal karibu na Liège. Kiwanda hicho kilianzishwa 1889 ili kutengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki. Miaka michache baadaye kikaungana kikazi na mhunzi mmoja wa Marekani, John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah. Browning ndiye aliyewapa bastola ya 1900 ya milimita 7.65, kisha ile ndogo ya mfukoni ya milimita 6.35, kisha ile ya 1910. Alifia Herstal, ndani ya kiwanda, mnamo Novemba 1926, akiwa bado hajamaliza kazi yake ya mwisho. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimalizia, ikatoka 1935, ikaitwa Grande Puissance, ile ambayo maofisa wa kwetu huiita GP tu. Ilichukua risasi 13, idadi kubwa kwa wakati ule, na ikaenea majeshi ya dunia nzima.

Tazama ile ya 1910 kwa mfano, bila kuigusa, kwa mwanga wa dirisha. Ni nyembamba, imelainishwa pande zote ili isinase kwenye mfuko wa koti. Mtutu wake umezungukwa na springi, na mbele una pete yenye meno madogo. Ubavuni pameandikwa kwa herufi nyembamba jina la kiwanda, Herstal, Belgique, na maneno yanayosema kwamba hataza ni ya Browning. Kwenye mpini kuna bamba jeusi lenye herufi F na N zilizosukwa pamoja. Kisha kuna alama ndogo sana ambazo wengi huzidhani ni mikwaruzo: herufi ELG ndani ya duara la yai lenye taji juu, kijimnara kidogo, na herufi yenye nyota. Hizo ni mihuri ya nyumba ya majaribio ya Liège, ambayo imekuwa ikijaribu silaha tangu 1672. Kijimnara ni perron, nembo ya mji wa Liège. Herufi yenye nyota ni ya mkaguzi aliyeipitisha silaha ile. Kuanzia 1922 nyumba hiyo iliongeza pia herufi ndogo ya kuonyesha mwaka. Kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kujua bastola ilipitishwa na nani na karibu mwaka gani, kwa alama zisizofika ukubwa wa punje ya mtama.

GP nayo ina siri zake. Ikiwa na ndege mdogo mwenye mabawa na namba 140 chini yake, ilitengenezwa wakati Wajerumani wameikalia Herstal, kati ya 1940 na 1944. Ikiandikwa Inglis na Canada, ilitoka Toronto, ambako ilitengenezwa vita ile ile upande wa pili. Bastola mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya mkaliaji na moja ya wapinzani wake.

Baada ya alama, swali kubwa zaidi: ilifikaje nyumbani kwenu? Hapa familia nyingi zina hadithi moja. Babu alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, alipigana Tabora 1916 au Saïo 1941, na Wazungu wakamzawadia bastola. Ni hadithi nzuri, lakini ipime. Katika Force Publique, askari Mwafrika alibeba bunduki ndefu. Bastola ilikuwa silaha ya ofisa, na hadi uhuru wa 1960 maofisa wote walikuwa Wazungu. Ni baada ya maasi ya askari ya tarehe 5 Julai 1960 ndipo Victor Lundula alipofanywa jenerali na Joseph-Désiré Mobutu kanali. Kwa hiyo kama babu alistaafu kabla ya hapo, uwezekano ni mdogo kwamba jeshi ndilo lililompa.

Njia nyingine zina uzito zaidi. Mwaka 1960 walowezi waliokuwa na mashamba ya kahawa, chai na kwinini kuzunguka Bukavu waliondoka kwa haraka, wengine wakivuka mto Ruzizi kuelekea Cyangugu upande wa Rwanda. Haraka hiyo iliacha nyuma magari, piano, mbwa, na vitu vya droo ya kitanda. Bastola ndogo ya 6.35 ikikutwa kwenye nyumba ya aliyekuwa mpishi au msimamizi wa shamba, nafikiria kwanza droo hiyo. Halafu kuna 1967. Mamluki wa Jean Schramme, Mbelgiji, waliiteka Bukavu mwezi Agosti mwaka ule na kuishikilia hadi mwanzoni mwa Novemba, jeshi la taifa lilipowasukuma hadi ng'ambo ya Rwanda, ambako walinyang'anywa silaha. Miezi ile mitatu ilimwaga silaha mjini. Wazee waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka vizuri nani alichimba shimo nyuma ya jikoni.

Na kuna bastola ambazo si za kale hata kidogo. Tokarev yenye nyota kwenye mpini, Makarov, na ndugu zao wa Kichina, zilipita mikono mingi katika vita vya 1996, 1998 na 2004. Chuma cha namna hiyo si urithi wa familia. Kinaweza kuwa ushahidi wa mauaji ya mtu ambaye mama yake bado yu hai Bagira au Walungu. Usikipe jina la kumbukumbu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye suala la kurembesha, na msimamo wangu ni mkali: usifanye, wala usimwombe fundi akufanyie.

Sababu ya kwanza ni ya mkusanyaji mwenyewe. Waulize wanaozijua bastola za kale, wa Liège au wa popote, watakwambia jambo moja: thamani iko kwenye hali ya asili. Ile rangi nyeusi yenye ubluu iliyotoka kiwandani, hata ikiwa imechakaa pembeni kwa kusuguana na ngozi ya mfuko, ni sehemu ya maisha ya kitu hicho. Msasa ukipita mara moja unakula kingo za herufi na kuifuta mihuri ya Liège. Nikeli ikipakwa juu yake hakuna atakayeweza kusoma tena. Mpini wa asili ukitupwa, nusu ya habari imetupwa. Kuchonga jina la babu juu ya chuma ni kuandika juu ya ukurasa wa kitabu cha mwenzako. Bastola iliyong'arishwa hivyo, mkusanyaji wa kweli haithamini.

Sababu ya pili ni namba. Kila bastola ina namba yake, na kwenye silaha za FN namba hiyo hupigwa zaidi ya mahali pamoja ili sehemu zijulikane kuwa ni za mwili mmoja. Kuna watu hufuta namba wakidhani wanajilinda. Wanajiangamiza, kwa maana silaha isiyo na namba haina maelezo mengine ila uhalifu. Mkataba wa Nairobi wa 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010, yote miwili kuhusu silaha ndogo, inataka silaha ziwekewe alama na alama hizo zilindwe. Kwa watu wa Kivu hili si suala la makaratasi. Tangu Umoja wa Mataifa uweke vikwazo vya silaha mwaka 2003 na kuunda kundi la wataalamu mwaka uliofuata, namba na mihuri ni kati ya vitu vinavyowawezesha wachunguzi kusema silaha fulani ilitoka kiwanda gani na kuuzwa kwa nani. Anayefuta namba anamnyamazisha shahidi, na sisi tuliozika watu wengi hivi tunahitaji mashahidi wote tulio nao.

Kisha kuna pembe. Bado nasikia watu wakisifu mpini wa pembe za ndovu kana kwamba ni kilele cha uzuri. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku tangu 1990, na sheria ya Kongo ya Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira inawalinda wanyama hawa. Sisi tunaoishi kilomita chache kutoka Kahuzi-Biega, mbuga iliyoanzishwa 1970 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, tunajua bunduki zimewafanya nini ndovu wake. Kupamba bastola kwa pembe ni kuunganisha makosa mawili katika kitu kimoja.

Na fundi? Mhunzi wa Kadutu anayeweza kutengeneza kufuli, bawaba na jiko la makaa kwa ustadi mkubwa hana ruhusa ya kuishughulikia silaha ya moto. Ukimpelekea, umemwingiza kwenye kesi yako. Mtu mwenye watoto sita hastahili kufungwa kwa sababu ulitaka chuma king'ae. Wala usimwombe aizibe mtutu ili iwe salama. Silaha iliyozibwa mtaani bado ni silaha mbele ya sheria, na mara nyingi huwa ya hatari zaidi kuliko ilivyokuwa. Hata ile sanamu ya mti inayofanana na bastola, nakushauri usiichonge. Usiku, kwenye taa ya pikipiki, mti na chuma havitofautiani.

Anayetaka silaha igeuke kuwa kitu kizuri ana mifano bora ya kufuata. Nchini Msumbiji, Baraza la Makanisa lilianzisha mwaka 1995 mpango ulioongozwa na Askofu Dinis Sengulane: watu walileta silaha wakapewa majembe, baiskeli, cherehani. Silaha zilikatwakatwa, vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato anayejulikana kama Kester, alitengeneza mwaka 2001 kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki, na leo kiko kwenye Makumbusho ya Uingereza jijini London. Kwetu Kongo yupo Freddy Tsimba wa Kinshasa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiunganisha maganda ya risasi kuwa miili ya wanadamu, wanawake wenye mimba hasa. Angalia kinachowaunganisha wawili hawa: hakuna kinachoweza kupiga tena baada ya kupita mikononi mwao.

Basi ikabidhiwe vipi? Hapa lazima niseme ukweli kuhusu mji ulivyo. Zamani kidogo mtu angeweza kufikiria kwenda kwa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, lakini walifunga shughuli zao Kivu Kusini mwezi Juni 2024. Mpango wa P-DDRCS ulioundwa 2021 ni wa kuwapokonya silaha wapiganaji na kuwarudisha uraiani. Haukuundwa kwa ajili ya mjane aliyekuta bastola sandukuni. Na mamlaka iliyopo mtaani inaweza kubadilika kati ya siku unayosoma makala haya na siku utakayoamua kutenda. Kwa hiyo nakupa utaratibu, majina ya ofisi utayajua kwa wakati wako.

Maneno yatangulie, chuma kibaki. Usitembee na bastola hata hatua 10, hata ndani ya mfuko wa mihogo, hata kwa nia njema kabisa ya kuikabidhi. Watu wamepotea kati ya mlango wa nyumba na mlango wa ofisi. Mtafute kwanza wakili, na kama huna uwezo, padri, mchungaji au mtu wa Tume ya Haki na Amani ya parokia yako anayeaminika. Mweleze yeye peke yake, ana kwa ana, si kwa simu. Yeye azungumze na mwenye mamlaka, peke yake au pamoja nawe, na ombi liwe kwamba waje wenyewe kuichukua nyumbani, mchana, mbele ya mashahidi: shefu wa avenue, mzee mmoja wa familia, na huyo wakili au mtumishi wa Mungu. Mtu mmoja wa familia ndiye azungumze. Wengine wakae kimya, hasa wale wenye hasira ya urithi. Kabla haijaondoka, omba iandikwe PV, yaani hati rasmi ya makabidhiano, yenye tarehe, aina ya silaha, namba yake, mahali ilipokutwa, jina la marehemu na jina la aliyeipokea. Msaini, mpewe nakala. Karatasi hiyo ndiyo ulinzi wenu wa kesho, na, kwa mkusanyaji wa historia, ndiyo hati ya thamani kuliko bastola yenyewe: ina namba, ina mahali, ina tarehe.

Kama mazingira ya leo hayaruhusu lolote kati ya hayo, wakili wako atakwambia. Mfuate yeye, si mimi.

Neno fupi kwa ndugu zetu walio Ubelgiji, kwa sababu wengine wana mapenzi haya na wanaishi hatua chache kutoka Herstal. Huko njia halali ipo. Sheria ya tarehe 8 Juni 2006 inamtaka mkusanyaji apate idhini ya gavana wa mkoa na aeleze mada ya mkusanyo wake. Silaha iliyorithiwa lazima itangazwe kwa mamlaka. Anayetaka kitu cha kutazama tu anaweza kuomba silaha izimwe kabisa, na kazi hiyo hufanywa na ile ile nyumba ya majaribio ya Liège, si fundi wa mtaani. Lakini usithubutu kumwomba mtu wa Bukavu akutumie bastola ya babu kwa ndege au kwa lori la Uvira. Ukitaka kuona bastola za FN katika hali yake ya asili, nenda makumbusho ya Grand Curtius mjini Liège au makumbusho ya jeshi pale Cinquantenaire, Brussels. Kaa nazo siku nzima. Chora ulichoona.

Nina mfano mmoja ninaoupenda wa bastola iliyotunzwa inavyostahili. Juni 28, 1914, mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria kwa bastola ya FN ya 1910, namba 19074. Padri mmoja Mjesuiti, Anton Puntigam, aliichukua akaihifadhi, na baada ya kifo chake ikabaki kwa shirika lake. Mwaka 2004 Wajesuiti waliitoa kwa makumbusho ya kijeshi ya Vienna, ambako watu wanaiona. Hakuna aliyeipaka nikeli. Hakuna aliyefuta namba. Namba ile ndiyo inayoifanya iwe bastola ile, na si nyingine kati ya maelfu ya bastola zilizotoka Herstal zikiwa na sura ileile.

Kwetu kazi kama hiyo inaweza kufanyika bila chuma kuwepo. Weka pamoja vitu vya babu visivyoweza kumuua mtu: kitabu chake cha jeshi, nishani, picha akiwa na sare, barua za mwajiri, kibali cha zamani kama kipo, na ile nakala ya PV. Vipange kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana plastiki hushika unyevu na Bukavu ina mvua miezi mingi. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina, kuanzia kushoto. Kisha mtembelee mwalimu wa historia pale chuo cha ualimu cha ISP, ambako kuna kituo cha utafiti cha CERUKI, au pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu. Uliza kama watakubali kupokea nakala. Familia moja ikifanya hivyo imehifadhi bahasha moja. Familia 50 zikifanya hivyo, Bukavu itakuwa na kumbukumbu ya karne yake ambayo hakuna jeshi litakalopita na kuichukua.

Lakini karatasi hazitoshi bila sauti. Muulize mzee aliye hai. Usianze na bastola, atafunga mdomo. Anza na nyumba: nani aliijenga, nani aliishi humo kabla yenu, mwenye nyumba aliondoka siku gani na alibeba nini. Uliza walikuwa wapi mamluki walipoingia, walikula nini, walilala wapi, walirudi lini. Jambo la silaha litakuja lenyewe katikati ya maongezi, na likija usimkatize kwa kumwuliza ni modeli gani. Andika kwa mkono. Akitaja watu wa vita vya karibu, vya 1996 au 2004, andika herufi ya kwanza tu ya jina, kwa kuwa daftari nalo linaweza kuokotwa na mtu.

Waliokuwa na miaka 15 wakati Schramme anaingia Bukavu wamevuka 70. Kama nyumbani kwenu yupo mmoja, nunua daftari la kurasa 96 na penseli mbili, kaa naye Jumapili hii baada ya misa au ibada, na umwombe akusimulie nyumba hiyo ilivyokuwa.